Maneno Yalikuwa Yangu, Zainabu

Mke mwenzangu Zainabu,

Marahaba.

Najua hujaniamkia. Barua nimeianza mimi, na mkubwa haanzi kumwamkia mdogo, kwa hiyo nimeona nikuitikie tu, yaishe. Miaka yote tuliyokaa nyumba moja hukuwahi kunipita uani bila kusema "Shikamoo, bi mkubwa," hata siku zile nilizokuwa nakupa mgongo. Nilikuwa nakuitikia kwa nusu mdomo, nawe ukaridhika na hiyo nusu. Ya leo ni nzima.

Naiandika wazi, mwenye kusoma na asome. Wivu wangu kwako haukuwa siri, kata nzima ya Dunda waliujua, mpaka wauza mchicha wa pale sokoni walikuwa wakiniona nimenuna wanaulizana, "Mdogo wake kafanya nini tena?" Kama nilikuonea wivu hadharani, nikija kukuomba radhi kwa kujificha itakuwa sikukuomba.

Ulipoletwa, mimi nilikuwa na watoto wanne na kiuno kilichoanza kuuma. Mume wetu Shomari alikuwa akienda Ubena kufuata mbao za kazi yake ya useremala, nami nikadhani ni mbao tu. Safari moja akarudi na mbao na wewe. Niliwaambia wenzangu ameokota mtu wa barabara kuu, wa kuuzia mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya mabasi, na huku najua fika ulikuwa mwalimu wa chekechea na kidato cha nne ulimaliza, wakati mimi niliishia la saba. "Hata mchuzi wa nazi hajui," nikasema, na hilo lilikuwa kweli. Siku ya pili ukanifuata jikoni: "Bi mkubwa, nifundishe." Nikakufundisha kila kitu sawasawa, isipokuwa chumvi. Chumvi nilikuambia mara mbili ya inavyotakiwa.

Shomari alikula akaomba maji. Wewe ulionja, ukanitazama, ukamletea. Kesho yake ukapika tena, na chumvi ilikuwa barabara. Hukunisema kwa mtu, na mimi nikakuchukia kwa hilo kuliko kama ungenisema.

Unamjua Shomari alivyo mwoga wa Mungu. Alishasikia msikitini habari ya mwenye wake wawili akaegemea upande mmoja, basi akaishi maisha yake yote kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji. Kila alichonunua, alinunua viwili. Vitanda vyetu alivitengeneza mwenyewe, akavipima kwa futi mbele yetu tukishuhudia. Mabeseni mawili, feni mbili, mikeka miwili. Mwaka ule aliponiletea mimi dawa ya kikohozi, alikuletea na wewe, na wewe hukuwa unakohoa.

Kanga ndizo zilizokuwa na utaratibu wake. Bwana Jamali, yule Mhindi mzee wa duka la nguo, alikuwa hata haulizi. Akimwona Shomari anapanda ngazi, anashusha doti mbili. Maandishi mamoja, rangi mbili. Maandishi lazima yawe mamoja, maana ungepewa wewe kanga inayosema mapenzi, mimi nikapewa inayosema subira, ile nyumba ingewaka moto. Rangi ndizo za kuchagua, na mkubwa ndiye aliyeanza kuchagua.

Nikuambie leo jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikuwahi hata mara moja kuchagua rangi niliyoipenda. Nilikuwa nazitandaza zote mbili kitandani, nakuita uje uone, halafu nakutazama usoni. Macho yako yakitua kwenye ya kijani, mimi hiyo hiyo. Yakitua kwenye ya machungwa, hiyo hiyo. Unakumbuka siku moja uliniambia, "Bi mkubwa, una jicho la nguo, kila siku unachukua nzuri"? Nilicheka. Jicho lilikuwa lako, mimi nilikuwa nafuata tu linapoangalia.

Kisha ukapata udiwani wa viti maalumu, na udiwani hauuzwi kwa Bwana Jamali kwa doti mbili. Hapo ndipo niliposhindwa. Watoto sikuwa nakuonea wivu, kwa kuwa Mungu hakukupa, na hilo ndilo pekee nililokuzidi, ingawa kitinda mimba wangu alikuwa akilala chumbani kwako na kukuita mama bila kuongeza neno mdogo. Lakini hili la watu wazima kuja kubisha mlangoni kwangu, mlango nilioingia kwa ndoa kabla yako, wakiuliza "Mheshimiwa yupo?" lilinitoa roho. Nilikuwa nawajibu, "Yuko msalani." Hata ukiwa sebuleni, nilisema uko msalani. Mpaka mtendaji wa kata akamnong'oneza Shomari kwamba diwani apelekwe hospitali akaangaliwe tumbo.

Pamoja na hayo yote, asubuhi zilituweka pamoja, tutake tusitake. Baada ya swala nilikuwa nakaa uani kwenye mbuzi, nakuna nazi za mihogo ya kuuza sokoni, nawe unavuta kigoda chako unakaa karibu na ndoo. Mkononi una daftari. Nilidhani ni mambo ya halmashauri. Mimi nikikuna nazi mdomo wangu haukai, wanangu wanajua, na kilichokuwa kinanikera wakati ule kilikuwa kimoja: soko letu lilikuwa halina choo.

Wewe hukuwahi kuuza sokoni, kwa hiyo nilikueleza kama mtu anavyomweleza mgeni. Nilikuambia kwamba siku ya soko sinywi chai wala maji, tangu naamka mpaka nirudi adhuhuri, maana nikinywa nitakwenda wapi. Nilikuambia nyumba za jirani walishatuchoka, wakaanza kufunga mageti wakituona tunatembea kwa haraka. Nilikuambia daktari alivyoniuliza kwa nini ugonjwa wa njia ya mkojo unanirudia, nikaona haya kumjibu. Mwajuma, yule jirani yangu wa kuuza dagaa, alikuwa anakuja sokoni na kopo lake chini ya meza. Na asubuhi moja, nazi ya tatu mkononi, nikasema hivi, na ninakumbuka kwa sababu ulicheka mpaka ukashika mguu wangu: "Wananitoza ushuru kwa sababu nimekaa. Sasa mtu aliyekaa tangu saa moja si atabanwa? Kama unanitoza kwa kukaa, unionyeshe na pa kwenda nikiinuka."

Uliandika. Nilikuona ukiandika, nikafikiri ni orodha ya vitu vya dukani.

Wiki ile ile niko njiani narudi kutoka sokoni, sufuria tupu kwenye bodaboda, na dereva anaongea mfululizo. "Mama, umemsikia diwani wenu jana kwenye baraza? Kawaambia, kama mnatutoza kwa kukaa, mtuonyeshe na pa kwenda tukiinuka. Ukumbi mzima walicheka, halafu wakapiga makofi. Yule mama ana akili."

Nikamwambia anishushe. Bado tulikuwa mbali na nyumbani, nikatembea kwa miguu na sufuria langu kichwani, na kila niliyepishana naye nilimwona kama naye anajua maneno yangu na kuyaita yako.

Nilikukuta uani umejaa furaha, hata kiatu kimoja hujavua. "Bi mkubwa, wamekubali. Watajenga kwa ushuru huo huo wa soko. Mwenye stakabadhi ya siku hiyo hatatozwa tena mlangoni. Nimesisitiza iingie kwenye kumbukumbu za kikao."

Nikakuuliza, "Hayo maneno umeyatoa wapi?"

Ukasema, "Kwako."

"Ukawaambia ni ya nani?"

"Sikusema ni ya nani. Ningesema ni ya mke mwenzangu, wangeacha habari ya choo wakaanza habari ya uke wenza. Unawajua wanaume wale."

Ulikuwa na haki, Zainabu. Nilijua pale pale kwamba una haki, na hilo ndilo lililoniuma. Ungekosea ningekugombeza, yakaisha. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi, mimi. Nimezaa wanne, nimewalisha kwa mihogo, nimewasomesha, na makofi ya kwanza ya maneno yangu yamepigwa ukumbini, nami niko sokoni nafukuza nzi.

Tangu kesho yake nikakuna nazi kimya. Ulikuja na kigoda chako na daftari, ukaamkia, nikaitikia nusu, nikaendelea kukuna. Siku ya tatu ukaniuliza, "Sokoni salama?" Nikasema, "Salama." Ukasubiri. Nikachukua nazi nyingine. Ikawa hivyo wiki hadi wiki, wewe unakuja na daftari na unaondoka na daftari lile lile jeupe. Vikao viwili vilivyofuata hukuchangia hata neno, na watu wakaanza kusema diwani amepoa, diwani kumbe wa siku moja. Ningeweza kusema nilikuhurumia. Nilifurahi. Nilikuwa nakupakulia chakula jioni nikiwa na furaha yangu kifuani, naificha kama mtoto aliyeficha sukari mdomoni.

Presha ikakuangusha bafuni. Tulikukuta upande mmoja umelegea, maneno yanatoka yamevunjika. Shomari akakupeleka hospitali Dar, akaizima na simu yako, akakataza mtu kukupelekea mambo ya halmashauri ili upumzike. Tukapokezana, siku yake na siku yangu, zamu kwa zamu, hata huko alitaka haki sawa.

Siku yangu ya mwisho kwako nilipitia sokoni kwanza kumwachia Mwajuma ufunguo wa nyumba. Nikawakuta mafundi wa choo. Chokaa imechorwa chini, kamba zimevutwa, na wamechimba msingi mpaka usawa wa kiuno. Wanawake wote wa soko wameacha biashara wamesimama pembeni wanaangalia shimo. Mwajuma analia kwa ajili ya shimo. Akaniambia, "Kamwambie. Kamwambie leo leo."

Nilikaa kwenye gari mpaka Dar na habari hiyo. Nilikuwa nimeipanga jinsi nitakavyoisema. Nikafika, nikakufuta uso, nikakugeuza, nikakunywesha uji kwa kijiko. Ukanitazama, ukahangaika na ulimi, kisha ukasema taratibu, ukivunja vunja, lakini nilikuelewa: "Bi mkubwa. Ya sokoni?"

Nikasema, "Hakuna jipya."

Ndivyo nilivyosema. Niliona utakavyofurahi, na nikaona ile furaha itakuwa yako peke yako, kama makofi yalivyokuwa yako peke yako, nikajiambia nitakuambia wiki ijayo ukipata nafuu, ujue kidogo ladha ya kungoja. Ukafumba macho. Nilidhani umelala. Siku ya pili yake Shomari akapiga simu asubuhi, na nilijua kabla hajasema, kwa sababu alianza kwa kuniita jina langu, Tatu, na yeye huniita mama watoto.

Hata msibani nilikuonea wivu, nisikufiche. Yalikuja magari ya halmashauri, wakaja watu wa Mlingotini ambao sijui uliwasaidia nini, wakaja ndugu zako wa Ubena na wakanikumbatia mimi kama wanajua kitu kizuri kunihusu. Mama yako alinishika mikono akasema kwenye simu ulikuwa ukinitaja kila mara. Nikamuuliza ulikuwa ukisema nini. "Anasema wewe ndiye uliyemfundisha kupika," akajibu. Shomari alilia uani mbele za watu. Nikajiuliza mimi nikifa atalia hivyo hivyo, au atalia kiasi kile kile kwa kupima.

Sasa nikusimulie ya juzi juzi, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Choo kimekwisha. Kina paa, kina matundu ya wanawake na ya wanaume, kina tangi la maji, kimepakwa rangi ya bluu. Kilikaa kimefungwa muda tukikizunguka tu. Kisha tukaitwa kwenye kikao cha kukusanya maoni, kwamba kuna rasimu ya sheria ndogo za ushuru, wananchi tuje tusikie tuseme. Tukaenda wanawake wa soko karibu wote. Shomari naye akaja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Afisa akasoma rasimu. Ushuru wa meza utapanda kidogo. Choo kitapewa mzabuni, na kila atakayeingia atalipa mlangoni, awe mpita njia, awe mwenye meza. Nikamsikia Mwajuma nyuma yangu anasema kwa sauti ya chini, "Basi nitarudi kwenye kopo langu." Mama mmoja akasimama akalalamika kwamba tuliahidiwa hatutatozwa mara mbili. Afisa, kwa adabu kabisa, akamuuliza aliyeahidi ni nani, na kuna maandishi gani. Yule mama akaangalia huku na huku, akakaa. Waliokuwa madiwani wakati wako wengi hawakurudi baada ya uchaguzi, na aliyebaki alisema hakumbuki.

Mimi nakumbuka. Ulinieleza mwenyewe uani na kiatu kimoja mguuni. Nikasimama.

Nisikudanganye kuhusu nia yangu. Niliposimama sikuwa nawaza kopo la Mwajuma. Nilikuwa nawaza kwamba leo, mbele ya ukumbi ule ule uliokupigia makofi, nitasema yalikuwa ya nani. Nilishajitayarisha tangu nyumbani, nilivaa na hereni. Nikaanza: nikaeleza habari ya kutokunywa maji, ya mageti, ya daktari. Nikasema, "Na ilisemwa humu humu, kama mnatutoza kwa kukaa, mtuonyeshe na pa kwenda tukiinuka." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Zainabu, walinipigia makofi. Nilisikia joto mpaka masikioni.

Mwenyekiti akatabasamu, akaninyooshea kalamu. "Maneno mazito hayo, mama. Ni yako au ya nani? Maana kama ni yako tunayaandika kama maoni ya leo. Kama yalisemwa kwenye baraza, hilo ni jambo lingine, tutayatafuta kwenye kumbukumbu."

Kila kitu kilikuwa mkononi mwangu. Nikisema ni yangu, yanakuwa maoni ya muuza mihogo, yanaandikwa, yanawekwa kwenye faili, na mzabuni anakaa mlangoni na boksi lake. Nikisema ni yako, yana tarehe, yana muhuri, yana jibu walilokupa. Nikageuka nyuma. Shomari alikuwa ananitazama. Yeye anajua, alikuwa akinisikia uani kila asubuhi. Hakutikisa kichwa wala hakufanya ishara yoyote, aliniachia mwenyewe.

Nikasema, "Ni ya diwani. Marehemu Zainabu. Aliyasema hapa, na mkamjibu kwamba mwenye stakabadhi ya siku hatozwi mlangoni. Yote ni yake. Mimi nilikuwa nakuna nazi tu."

Wakatuma mtu akaleta jalada. Wakapekua, nasi tumekodoa macho kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi. Yule karani akasimamisha kidole, akasoma. Neno kwa neno, Zainabu. Na jibu chini yake, kama ulivyoniambia. Mwisho wa wiki baraza lenyewe likapitisha: ushuru umepanda, tumenung'unika, lakini mwenye stakabadhi anaingia bure, na wapita njia ndio wanaolipa. Ningetaka nikuambie kwamba niliridhika. Karani alipokuwa anasoma "Mheshimiwa Zainabu alisema," nilihisi mtu ananivua hereni. Nimekupa kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mashahidi, na sasa hata nikitaka kuyarudisha hakuna atakayeniamini.

Na kabla kikao kile hakijafungwa Mwajuma, Mungu amsamehe, akanyoosha mkono akapendekeza choo kipewe jina lako. Kikapewa. Fundi ameandika juu ya mlango kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Basi sasa hivi pale sokoni mtu akibanwa anasema, "Niangalizie meza, nakwenda kwa Zainabu." Wanaume wanasema hivyo. Watoto wa shule wanasema. Juzi mzee mmoja mtu mzima kaja anatembea upande upande ananiuliza, "Bi Tatu, kwa Zainabu kuna foleni?" Nilicheka mpaka nikaogopa mihogo itamwagika. Miaka ile niliwaambia uko msalani, na leo kila mtu anakukuta huko. Nilitaka kukimbia nyumbani nikakuambie, maana wewe ndiye ungecheka kuliko wote.

Kisha nikanyanyua macho nikaliona jina lako pale juu, jeupe, limekaa vizuri, nikasikia kile kitu kile kile kinanipanda kifuani. Nimeonea wivu choo, Zainabu. Mtu mzima, nina wajukuu, nimesimama sokoni naonea wivu choo.

Lakini hayo yote ningeweza kukaa nayo. Lililonishinda ni hili la siku ile ya kikao. Tulipotoka ukumbini Shomari aliniambia nitangulie, ana pa kupitia. Alipitia kwa Bwana Jamali. Nadhani alitaka kunishukuru na hakujua kusema, amezoea kusema kwa vitu. Bwana Jamali akamwona anapanda ngazi, akafanya kama anavyofanya siku zote, na Shomari akalipa kama anavyolipa siku zote. Akafika mlangoni, akafungua mfuko, na mkono ukamsimamia humo humo.

"Nimesahau," akasema. "Mzee Jamali kashusha mbili, nami nikachukua."

Doti mbili. Maandishi mamoja. Moja nyekundu, moja ya zambarau.

Akataka kuirudisha moja. Nikamwambia aache. Nikaingia nazo chumbani nikazitandaza kitandani kama zamani. Miaka yote nilitaka siku moja niletewe peke yangu, na sasa zote mbili zilikuwa zangu, wala hapakuwa na wa kunipokonya. Nikatazama nyekundu. Nikatazama ya zambarau. Nikazibadilisha, hii kulia, hii kushoto. Sikujua ipi nzuri. Naapa sikujua. Nikakuta nimegeuka kutazama mlangoni, natafuta uso wako.

Bado ziko pale kitandani, hazijakatwa.

Uliniuliza ya sokoni, nikakuambia hakuna jipya. Lipo. Wamechimba msingi, Zainabu, mpaka usawa wa kiuno. Mwajuma analia. Wameniambia nikuambie leo leo.

Mungu akulaze pema, akupe pa kukaa pasipo ushuru. Nami nikija, uniamkie kama kawaida yako.

Mke mwenzio mkubwa,
Tatu